Pikapu Iliyolia Alfajiri

Kuna watu wa Ipuli, mtaa wa Tabora, ambao kwa miezi mingi hawakuhitaji saa ya ukutani. Waliamka na pikapu ya Revocatus. Maana ile pikapu, jamani, haikuwa inawaka kama magari ya watu. Ukizungusha ufunguo, stata ilizunguka vizuri tu, injini ikashika, halafu, pale ambapo stata yenye heshima zake inatakiwa kunyamaza na kurudi mahali pake, hii ndiyo kwanza ilianza: kriiiiiii! Sauti ya chuma kinachosagwa, nyembamba, ndefu, ya kutia ganzi meno. Mbwa walibweka mtaa mzima. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo.

Kisha kutoka chumba cha uani ilisikika sauti ya mwanamke mzee. "Revo, pita salama, mwanangu. Koti umevaa?"

Na Revo hakujibu, kwa sababu aliyekuwa nyuma ya usukani ni Levina, mke wake. Revocatus mwenyewe alikuwa amezikwa Igalula tangu mwezi wa pili.

Usigune kwanza. Ngoja nikueleze, utaguna baadaye ukitaka.

Levina ni binti wa wafugaji wa Choma, kule Igunga, aliyeolewa Ipuli akiwa na miaka ishirini na miwili, na sasa ana hamsini na moja. Mwanamke mrefu, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Mume wake alikuwa mrina asali. Revocatus alitundika mizinga ya magogo kwenye misitu ya mbele ya Igalula, akarina, akaleta ndoo mjini, na Levina ndiye aliyeuza. Kazi hiyo haiendi bila gari, kwa hiyo Revocatus alinunua pikapu iliyokuwa imeshazeeka mikononi mwa watu watatu kabla yake, akamfundisha mkewe kuendesha kwenye njia ya Kwihara, ile ya miembe mizee ambayo watu husema ilipandwa na wapagazi wa zamani kwa kutema kokwa tu. Levina aligonga mwembe mmoja siku ya tatu. Revocatus alicheka mpaka akakaa chini. Watoto wao wawili wamekua, mmoja yuko Kahama na mwingine Mwanza, na nyumbani walibaki watatu: Levina, Revocatus, na mama yake Revocatus, Bibi Apolinaria, mwenye miaka themanini na moja, mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na moyo ambao daktari alisema usipewe mshtuko.

Hilo neno la daktari ndilo lililoleta yote haya.

Mwezi wa pili Revocatus alipanda mninga kutundika mzinga, tawi likamkatikia, akaanguka. Wenzake walimbeba kumkimbiza Igalula kwa mdogo wake, Mathias, na alifia njiani. Levina alipigiwa simu akiwa sokoni. Alipofika Igalula alikuta wanaume wa ukoo wamekaa, na Mathias ameshakata shauri kwa niaba ya wote. Mathias ni mtu mwema, sikatai, lakini ana ule wema wa kuamulia watu. "Mama asiambiwe kwanza," alisema. "Tutamzika hapa hapa, kando ya baba. Mama akisikia tutazika wawili. Wewe shemeji, ukirudi Ipuli usivae nyeusi, wala usilie humo ndani. Yule haoni, lakini masikio yake unayajua."

"Mpaka lini?" Levina aliuliza.

"Mpaka apate nguvu kidogo."

Haya, mtu wa miaka themanini na moja anapata nguvu lini? Lakini nani angeuliza hapo, maiti ipo chumbani?

Levina alirudi Ipuli siku ya nne. Alipitia kwa Marcelina, jirani yake, aliyekuwa amebaki kumwangalia bibi kwa kisingizio kwamba Levina amekwenda kwenye harusi. Alivua nguo nyeusi chumbani kwa Marcelina, akanawa uso, akaingia kwake, akasema, "Shikamoo mama. Harusi ilikuwa nzuri." Jumuiya ilisali rozari ya marehemu siku tisa nyumbani kwa Marcelina, kwa sauti ya chini, huku mwenye marehemu wake akikaa upande wa pili wa ua akimenya viazi. Mtaa wote ulijua. Mtaa wote ulinyamaza. Hata katekista anayemletea bibi Komunyo alikubali, akijitetea kwamba kunyamaza si kusema uongo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakutuambia anayeficha kilio chenyewe hufichuliwa na nini.

Asubuhi ya tano ilibidi Levina apeleke asali sokoni. Alipiga stata, ikalia, kriiiiiii, kama ilivyokuwa ikilia kwa miaka miwili sasa. Na mle ndani Bibi Apolinaria, aliyekesha usiku mzima akigeuka kitandani akiuliza mwanawe yuko wapi, alisema kwa sauti iliyotulia, "Revo, pita salama, mwanangu. Koti umevaa?" Siku hiyo bibi alikula vizuri. Siku hiyo alipiga soga.

Basi ikawa hivyo. Hata siku ambazo hakukuwa na asali ya kupeleka, Levina aliamka, akapiga stata, akaendesha mpaka kwenye lami, akaegesha pembeni, akakaa. Alikaa saa nzima, mikono juu ya usukani, akitazama barabara. Kisha akarudi kwa miguu kupitia mlango wa nyuma, amwinue mama, ampe uji. Jioni aliirudisha pikapu kimya kimya, akasema, "Revo amerudi, amechoka sana, amelala." Alipakua sahani tatu za ugali na mboga ya kunde kavu, maana bibi alikuwa akihesabu sahani kwa mlio wake zikiwekwa mezani. Sahani ya tatu alikwenda kuila mwenyewe jikoni, asije bibi kupapasa akaikuta imejaa. Akanenepa. Watu wa mtaani, ambao hawakosi neno, walisema mjane ananawiri.

Je, aliumia? Hapo ndipo penye kazi. Mtu akiukalia mguu mmoja muda mrefu, ganzi inaingia. Levina alikuwa ameukalia moyo. Wiki za kwanza alisikia kitu kikimpanda kooni, akakimeza kwa sababu ukuta wa chumba cha bibi ni mwembamba. Akakimeza tena. Mwezi wa nne kilikuwa hakipandi. Alipita kanisani akasikia jina la mumewe likitajwa kwenye nia za misa, akawaza kwamba chumvi imekwisha nyumbani. Alijiona, akajishangaa kidogo, akaenda kununua chumvi.

Mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake ya alfajiri, pikapu ilizidi. Sasa ililia kwa muda mrefu, ikiambatana na harufu ya chuma cha moto. Halafu asubuhi moja ya upepo, sokoni, baada ya kushusha ndoo, ikafanya jipya. Levina alizungusha ufunguo, stata ikazunguka bure, vuuu, haishiki chochote. Mara nne, mara tano, vuuu. Wabeba mizigo walimsukuma mpaka ikawaka, wakimtania kwamba mama huyu anakula vizuri lakini gari lake linashinda njaa. Levina hakucheka wala hakukasirika. Alifikiria kitu kimoja tu: isipowaka kesho alfajiri, mama atauliza Revo yuko wapi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Nasri.

Nasri ni fundi wa umeme wa magari, nyuma ya stesheni, kontena moja na mabenchi mawili. Mzee wa mjini, kofia kichwani, mdomo hauna breki. Mtu wa kwanza kucheka utani wake ni yeye mwenyewe.

"Shikamoo mzee Nasri."

"Marahaba mama. Pole sana na msiba."

Levina aligeuka nyuma kuangalia nani amesikia, kwa mazoea tu. "Ahsante. Fundi, hii pikapu imenigomea sokoni. Nataka iwake kila nikiitaka. Lakini sauti uiache."

"Sauti ipi?"

"Hiyo ya kulia."

Nasri aliweka bisibisi yake benchini taratibu. "Mama, nina miaka thelathini na nane kwenye kazi hii. Nimeletewa gari lenye kiota cha panya na watoto wake sita. Nimeletewa gari ambalo mwenyewe alidai limerogwa, kumbe halina mafuta. Lakini mtu kuniambia nitibu ugonjwa niache homa, wallahi wewe wa kwanza."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Nyie watu bwana! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo kwa miguu, hawakuhitaji stata. Mmeharibika mlipopewa magari."

Zamani Levina angemjibu, na angemjibu vizuri. Sasa alisimama tu, akasubiri utani upite kama mtu anayesubiri treni ya mizigo ipite njia panda. Nasri aliona, akaacha. Akaanza kuuliza maswali ya kazi.

Kwanza aliangalia betri na vichwa vya nyaya zake, maana wengi hulaumu stata wakati mkosaji ni kutu ya betri. Safi. Akalala chini, akatikisa stata yenyewe kwa mkono; boliti zake zimekaza. Akatoka chini akifuta mavumbi.

"Inalia kabla injini haijashika, au ikishashika?"

"Ikishashika."

"Vizuri. Ndani ya stata kuna kigurudumu chenye meno, tunakiita bendeksi. Ukipiga stata kinaruka mbele, kinaling'ata gurudumu kubwa la injini, kinalizungusha. Injini ikiwaka, kinatakiwa kuachia na kurudi. Chako kinaruka lakini kurudi hakitaki, kwa hiyo injini inakiburuta, ndiyo hicho kilio. Na leo sokoni kilikwama nyuma, hakikuruka kabisa. Ugonjwa mmoja, dalili mbili. Sasa niambie, mchana inalia pia?"

Levina alifikiri. "Mchana kidogo sana. Jua likiwa kali hailii. Alfajiri ndiyo mbaya."

"Ahaa!" Nasri alikuna ndevu. "Hapo sasa pana jambo. Chuma hakina tabia hiyo. Kuna kitu humo kinachokuwa kigumu kwa baridi na kulainika kwa joto. Lazima niisikie ikiwa imepoa. Iache hapa ilale, kesho alfajiri nitaipiga mwenyewe."

"Haiwezi kulala hapa."

"Kwa nini? Nani ataiba mkweche huu?"

"Haiwezi, fundi."

Nasri alimtazama, akashindwa kumsoma. "Haya, basi nitakuja mimi. Wateja wengine bwana, mnataka fundi aje kama daktari wa kizungu."

Kesho yake, bado kuna umande, Nasri alifika Ipuli na baiskeli, shali shingoni. Levina alimpokea getini, akaweka kidole midomoni. Nasri aliona ni mambo ya kutoamsha wagonjwa, akachuchumaa ubavuni mwa pikapu, akapitisha fimbo ndefu mpaka kwenye stata, akaweka sikio kwenye ncha ya fimbo, ndivyo anavyosikiliza. Akainua mkono. Levina alizungusha ufunguo.

Kriiiiiii!

Nasri alitikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mwizi wake. Alifungua mdomo aseme, na hapo hapo sauti ikatoka ndani.

"Revo, pita salama, mwanangu. Koti umevaa?"

Nasri aliganda na fimbo yake. Alikuwa na habari za msiba kama mji mzima ulivyokuwa nazo, lakini haya ya nyumbani hakuyajua. Alimtazama Levina kupitia kioo. Levina alikuwa akitazama mbele. Na baridi ya mwezi wa sita ni baridi. Moshi ulimwingia mzee wa watu kifuani, akakohoa. Kikohozi kizito, cha kiume.

"Umeona!" bibi alisema mle ndani, na furaha iliyokuwa kwenye sauti ile, jamani, ungeweza kuishika kwa mkono. "Umeona hicho kikohozi? Nilisema koti! Mwanangu mbishi huyu, toka mdogo mbishi."

Akacheka. Bibi Apolinaria alicheka peke yake kitandani, cheko la mama aliyepatia.

Walipakia baiskeli nyuma, wakaondoka. Mpaka stesheni Nasri hakusema neno, na kwa Nasri hiyo ni habari ya kuandikwa gazetini. Walipoegesha ndipo aliposema, "Mungu anisamehe. Nimekohoa tu, mama. Sikukusudia."

"Najua."

"Miezi mingapi?"

"Minne."

Nasri alivua kofia, akaivaa tena. Akachukua spana.

Ilimchukua nusu saa kuishusha ile stata, nati moja ikimbishia mpaka akaitukana. Aliibeba mpaka benchini, akaifungua, akaichomoa bendeksi, na akabaki ameishika mkononi. Ile nguzo ambayo kigurudumu huteleza juu yake haikuwa na grisi. Ilikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kimeganda, kimechanganyika na mchanga mpaka kimekuwa kama gamba. Nasri alikikwangua kwa kucha, akanusa.

"Nta!" alipiga kelele. "Nta ya nyuki! Mama, nani mwendawazimu aliyepaka nta kwenye bendeksi?"

"Revo."

Kwani angekuwa nani mwingine? Revocatus alipaka nta kila kitu. Milango, bawaba, uzi wa kushonea viatu, mnyororo wa baiskeli, mpini wa panga. Alikuwa akisema grisi inashika mavumbi, nta haishiki, na kwamba Mungu hakuwapa watu wa Tabora nyuki kwa bahati mbaya. Kwenda kwa fundi hakutaka hata kusikia. Fundi ni mimi mwenyewe, alisema. Miaka miwili nyuma alikuwa ameifungua stata hii peke yake, uani, akaipaka nta, akaifunga, akajisifu. Wiki ile ile ikaanza kulia, na yeye akadai ni gari linasalimia.

"Yaani mrina asali ndiye pekee duniani wa kufanya kosa hili," Nasri alisema, hasira zikimshuka. Aligeuza bendeksi kwenye mwanga. Kisha akaisogeza karibu na macho, akamletea Levina. "Tazama hapa, mama."

Upande wa ndani, mahali ambapo mchanga haukufika, nta ilikuwa bado safi, ya njano. Na juu yake kulikuwa na alama ya dole gumba. Mistari yote ilikuwepo, imejipanga, na katikati ya mistari palikatiza ufa, lile kovu la panga alilolipata Revocatus mwaka aliooa.

Levina alilitazama lile dole. Alilijua kuliko alivyojua la kwake. Alisubiri. Alijua kwamba mtu mwingine hapa angeanguka, angepiga yowe stesheni nzima ikasikia, na hapa hakuna ukuta mwembamba, hakuna aliyemkataza, angeweza kulia mpaka jioni. Akasubiri kile kitu kipande kooni. Hakikupanda. Alichokiona ni nta yenye alama. Na hapo akaogopa. Alimwogopa huyu mwanamke aliyesimama kwenye karakana ya watu, anayetazama kidole cha mume wake na kuona nta.

"Naweza kupaka grisi kidogo juu juu, nikafunga kama ilivyo," Nasri alisema taratibu. "Itaendelea kulia. Wiki mbili, labda mwezi. Lakini ikilia hivyo inakula meno ya injini, na yakiisha, pikapu italala, na wewe na asali yako mtalala nayo. Au nisafishe leo, iwe kimya kama gari la askofu. Njia ya katikati hakuna. Ningekuwa nayo ningekupa."

Levina alikuwa akisikia lile cheko la bibi. Kumdanganya mtu kwa sauti ya gari, aliweza. Lakini leo bibi alikuwa amesikia mwanawe akikohoa. Kesho atataka nini? Ataletewa nani aje aseme?

"Safisha," alisema.

"Na mama je?"

"Safisha, fundi. Nimechoka."

Nasri alichukua kisu kidogo. "Nikukatie hiki kipande chenye dole, ukiweke?"

"Nikiweke wapi?" Levina alimuuliza, naye alikuwa anauliza kweli. "Kwangu hajafa."

Nasri alimimina petroli kwenye kopo, akachukua mswaki mkuukuu, akasugua. Nta ilitoka vipande vipande, petroli ikawa ya njano, halafu ya kahawia. Alipiga msasa, akapaka grisi nyembamba, akarudisha kila kitu mahali pake. Alipopiga stata, injini iliwaka mara moja, na baada yake hapakuwa na kitu. Ujira wake alikataa kuutaja, akasema watazungumza siku nyingine.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja na nusu, Levina alikaa nyuma ya usukani kama kawaida. Angeweza kutokupiga stata kabisa, akasema Revo kaondoka mapema kwa miguu. Uongo anaujua, ameshakuwa fundi wake. Alizungusha ufunguo. Pikapu ikawaka, ikanguruma taratibu. Mbwa hawakubweka. Alisubiri sauti kutoka chumbani. Dakika moja. Mbili. Akazima injini.

Mlango wa uani ulifunguliwa. Bibi Apolinaria alitoka na mkongojo, mkono mmoja ukiufuata ukuta, kitenge begani. Hakuwa ametoka nje saa hiyo tangu masika.

"Nani yuko kwenye gari?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Bibi hakuitikia. "Gari lilikwenda kwa fundi."

"Ndiyo, mama."

"Revo hapeleki gari kwa fundi." Bibi alisimama, akikabili upande ambao sauti ya injini ilikuwa imetoka. Alitafuna midomo. Kisha akauliza, "Amezikwa wapi?"

Levina alikuwa na majibu ya miezi minne kichwani: yuko porini, amechelewa, amelala, ameondoka sasa hivi. La swali hili hakuwa nalo, kwa hiyo ulimtoka ukweli. "Igalula. Kando ya baba."

"Lini?"

"Mwezi wa pili. Alianguka kwenye mti. Mathias akakataza usiambiwe."

Bibi alihesabu kwa vidole, mwezi mmoja mmoja. "Na aliyekohoa jana?"

"Fundi, mama."

Hapo mkongojo ulimponyoka. Levina, aliyekuwa ameshashuka garini, alimdaka, akamkalisha kwenye ngazi ya mlango, akaweka mkono kifuani pake. Moyo ule mbovu, moyo ambao ukoo mzima ulikuwa umeuogopa, ulikuwa ukipiga. Ulikwenda mbio, ukajikwaa, ukaendelea.

"Siku nyingine nilijua," bibi alisema. "Usiku nilikuwa najua kabisa. Halafu gari likilia nasema, aa, Apolinaria, unazeeka vibaya, mtoto yupo huyo." Alifuta pua kwa kitenge. "Nimezika mume. Nimezika watoto wanne. Mathias akaona huyu wa tano ndiye atakayeniua? Sasa amenisaidia nini? Amenifanya nimwambie maiti avae koti!"

"Nisamehe, mama."

"Tandika mkeka. Mwanangu hajaliliwa nyumbani kwake."

Levina alileta mkeka, akautandika sebuleni, akaviondoa viti. Bibi alikaa, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa, akamvuta mkwewe chini kando yake. Kisha akainua mikono, akampapasa uso. Alipita kwenye mashavu, chini ya macho, akarudia tena. Pakavu.

"Wewe hujalia?"

"Nilikatazwa. Walisema utasikia."

"Nimeshasikia. Lia."

Levina alijaribu. Alifumba macho, akamwita Revocatus moyoni, akafungua kinywa. Hewa ilitoka, hewa tupu. Akajaribu tena, na aibu ikamshika.

"Siwezi, mama," alisema. "Nimesahau kilio kinavyoanza."

Bibi Apolinaria alimsogelea mpaka mabega yao yakagusana. Mlangoni Marcelina alikuwa ameshafika, amesimama na khanga mdomoni, hajui kama aingie.

"Basi kaa hapa karibu," bibi alisema. "Nitaanza mimi."

Akaushika mkono wa mkwewe, akavuta pumzi, akaanza.